Somo la Tisa: Kazi ya Rubani katika Ndege za Likizo

Katika masomo yetu juu ya kazi na mapato, leo tutaitazama kazi moja ambayo vijana wengi huitamani na wazazi wengi huiona kuwa ya fahari. Ni kazi ya rubani, hasa rubani wa kampuni zinazochukua watu wanaokwenda likizo.

Ukisimama karibu na kiwanja cha ndege cha Mombasa au cha Unguja, utaona ndege zikitua na watalii kutoka Ulaya. Kwa miaka mingi ndege za Condor, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1955, zimetua katika viwanja hivyo. Abiria hushuka na kofia zao za jua, kisha hushuka marubani, mashati meupe, mistari ya dhahabu mabegani. Kijana anayetazama husema moyoni, "Yule amefika." Lakini wazee wetu walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi na tuulize: alilipa nini hata akafika pale? Analipwaje? Analala saa ngapi? Mifano yetu mingi itatoka Uingereza, kwa kuwa huko kazi hii imekuwako muda mrefu na habari zake zinajulikana vizuri.

KAMPUNI YA LIKIZO NI NINI?

Kampuni ya kawaida ya ndege hufuata ratiba yake mwaka mzima, ikichukua wafanya biashara, maofisa, wanafunzi na wagonjwa. Kampuni ya likizo kazi yake kubwa ni moja: kuwatoa watu kwenye baridi na kuwapeleka kwenye jua. Mara nyingi msafiri hununua safari yake kama furushi moja: ndege, hoteli, na gari la kumtoa kiwanjani.

Biashara hii ilianza kwa udogo. Mwezi wa Mei 1950, Bwana Vladimir Raitz wa kampuni ya Horizon alikodi ndege ya Dakota, akawasafirisha watu kutoka Gatwick, karibu na London, mpaka Calvi katika kisiwa cha Corsica. Bei ya safari na makao ilikuwa pauni 32 na shilingi 10. Mwaka 1962 ilianza kuruka kampuni iliyoitwa Euravia, ambayo mwaka 1964 ilibadili jina ikawa Britannia. Baada ya kuunganishwa na kubadilishwa majina mara kadhaa, siku hizi yaitwa TUI Airways.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo shina la mengine yote: kazi hii ni ya msimu. Ifananishe na karafuu za Unguja na Pemba. Karafuu zikiiva, wachumaji hutafutwa kila mahali. Zikiisha, mikarafuu ipo lakini kazi haipo. Vivyo hivyo Waingereza hukimbilia Hispania na Ugiriki wakati wa kiangazi chao, na siku za baridi ndege nyingi hukosa abiria. Ndege iliyolala chini haiingizi kitu, walakini gharama zake hazilali.

Kampuni hutafuta njia za kukwepa hasara hiyo. Kwa miaka kadhaa TUI na kampuni ya Sunwing ya Kanada zilikuwa zikipeana ndege na marubani. Katika kiangazi wengine walikuja Ulaya, na siku za baridi, Wakanada walipokuwa wakikimbilia jua la Mexico na Karibi, wengine walikwenda Kanada. Njia nyingine ni kumwajiri rubani kwa miezi ya kiangazi tu, au kumpa mkataba wa kufanya kazi sehemu ya mwaka.

JINSI RUBANI ANAVYOPATIKANA

Kwanza ni afya. Hapana budi kupimwa na daktari maalumu wa marubani na kupata cheti cha daraja la kwanza. Mtu mwenye busara hupimwa kabla ya kulipa hata senti moja ya masomo, maana kasoro ya moyo au ya macho yaweza kumfungia mlango.

Pili ni masomo. Katika Ulaya mwanafunzi hufanya mitihani 13 ya kuandika: hali ya hewa, njia za angani, sheria, injini, uzito wa ndege na mengineyo. Pamoja na hayo hujifunza kurusha ndege ndogo. Leseni ya kurusha ndege kwa malipo hutaka saa 200 za kuruka, au 150 kwa mwanafunzi wa chuo kinachofundisha yote kwa mfululizo. Leseni kamili, ile ya kumwezesha kuwa nahodha wa ndege kubwa, hutaka saa 1,500.

Tatu, hujifunza kufanya kazi na rubani mwenzake, kisha hufundishwa aina moja ya ndege, kwa mfano Boeing 737 au Airbus A320. Anayeijua ya kwanza haruhusiwi kuingia katika ya pili mpaka ajifunze tena na kutahiniwa.

Ndipo aombe kazi. Kampuni humwuliza maswali, humpa majaribio ya hesabu na ya akili, na humtia katika simuleta, yaani chumba kilichotengenezwa kama chumba cha marubani, kinachotikisika na kuonyesha mawingu ingawa hakitoki chini. Humo wakubwa huangalia zaidi ya mikono yake. Hutazama kama anasikiliza, kama anasema wazi, na kama anakubali kusahihishwa. Hawatafuti shujaa. Wanatafuta mtu ambaye mwenzake akimwambia, "Tumekosea," hatanuna.

NANI ANALIPIA MASOMO?

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Katika Uingereza masomo hayo yote hugharimu kiasi cha pauni 100,000, na mara nyingine zaidi. Kuna njia tatu za kulipa. Ya kwanza, mwanafunzi hulipa mwenyewe, na mara nyingi wazazi huweka nyumba rehani. Ya pili, kampuni hulipia mafunzo ya ile ndege kubwa, na rubani hutia sahihi kwamba akiondoka kabla ya miaka fulani atarudisha fedha. Ya tatu ndiyo nafuu kabisa: kampuni hulipia yote. Mwaka 2023 TUI ya Uingereza ilitangaza mpango wa namna hiyo. Lakini nafasi hizo ni chache na waombaji ni wengi sana.

Jihadhari na njia ya nne, ambayo chama cha marubani wa Uingereza, BALPA, kilichoanzishwa mwaka 1937, pamoja na vyama vingine vya Ulaya, vimeipinga. Ni ile ya rubani mpya kulipa fedha ili apewe nafasi ya kurusha ndege yenye abiria. Mfanya kazi anayemlipa tajiri wake ili afanye kazi, huyo si mfanya kazi tena, amekuwa mteja.

Na wewe unayesoma ukiwa Afrika Mashariki, kumbuka kwamba leseni ya nchi moja haikubaliwi moja kwa moja katika nchi nyingine. Tena leseni si ruhusa ya kuishi na kufanya kazi huko. Uliza mambo hayo mawili kabla shamba halijauzwa.

MSHAHARA

Usiulize tu, "Rubani hupata kiasi gani?" Uliza, "Mshahara wake una mafungu gani?" Fungu la kwanza ni mshahara wa msingi, ambao hulipwa hata kama ndege haikuruka. Fungu la pili ni malipo ya safari, yaani kadiri anavyoruka ndivyo apatavyo. Kisha kuna posho ya chakula na malazi, akiba ya uzeeni, na bima ya kupotelewa na leseni kwa ajili ya maradhi. Fungu la pili hunenepa kiangazi na kukonda siku za baridi. Kwa hiyo mwenye busara hulipa kodi ya nyumba yake kwa fungu la kwanza.

Na tufanye hesabu. Huu ni mfano tu wa kujifunzia. Marubani wawili wapya wanapata pauni 3,000 kila mmoja kwa mwezi, baada ya kodi ya serikali. Kila mmoja ana deni la masomo la kulipa pauni 1,000 kwa mwezi, mwaka mzima. Wa kwanza ana mkataba wa kudumu. Kwa mwaka atapata 36,000, atoe 12,000 za deni, abaki na 24,000, yaani 2,000 kwa mwezi. Wa pili ana mkataba wa miezi 7 ya kiangazi. Atapata 21,000, atoe 12,000 zile zile, abaki na 9,000. Zigawanye kwa miezi 12: ni pauni 750 kwa mwezi, asipopata kazi nyingine siku za baridi. Wamevaa shati moja na wameketi katika ndege moja, lakini mmoja halali usingizi. Dawa ya deni ni kulipa, na deni halijui msimu.

Wako pia wasioajiriwa na kampuni yenyewe, bali na wakala, au walioandikwa kama watu wanaojitegemea. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba katika marubani wa Ulaya waliojibu maswali, zaidi ya mmoja kati ya sita alifanya kazi kwa namna kama hizo. Mtu wa namna hiyo akiugua, mara nyingi hapati kitu.

SAA ZA KAZI

Wengi hudhani rubani wa likizo naye yumo likizoni. Tumfuate siku moja. Anafika kazini Gatwick saa 12 asubuhi. Saa 1 anaondoka kwenda Tenerife, kisiwa cha Hispania, na kutua saa 5 na nusu. Abiria wanakwenda pwani. Yeye anabaki kiwanjani, anatia mafuta, anapokea abiria wengine, na saa 6 na nusu anaondoka. Anafika Gatwick saa 11 jioni. Amefanya kazi saa 11, na bahari ameiona kwa dirisha tu.

Sheria yasemaje? Kwa aliyeanza saa hiyo ya asubuhi, na safari zake ni mbili, kikomo ni saa 13. Akianza usiku, kikomo hushuka mpaka saa 11, kwa kuwa mwili hutaka kulala. Tena asiruke zaidi ya saa 100 katika siku 28, wala zaidi ya saa 900 katika mwaka wa kalenda. Mapumziko yake nyumbani yasipungue muda wa kazi aliyoimaliza, na kwa vyovyote yasipungue saa 12.

Sasa tuseme ndege imechelewa saa 3 kule Tenerife. Akirudi, kazi itakuwa ya saa 14, yaani imepita kikomo. Sheria humruhusu nahodha kuongeza mpaka saa 2 kwa jambo lisilotazamiwa, lakini kwanza awaulize wenzake hali zao, kisha aandike taarifa. Fikiri basi: nyuma yake wameketi abiria karibu 190, watoto wanalia, kampuni inahesabu bei ya hoteli. Naye amwangalie mwenzake usoni na kuuliza, "Wewe una nguvu?" Rubani aliyechoka amekatazwa na sheria kuruka. Lakini yule mwenye mkataba wa miezi 7, anayetaka kuitwa tena mwakani, je, atathubutu kusema, "Nimechoka"? Ndiyo sababu mkataba wa rubani si shauri lake peke yake. Ni usalama wa kila aliyefunga mkanda.

Zaidi ya hayo, hatahiniwi mara moja. Kila miezi sita hurudi katika simuleta, azime moto wa injini wa mfano. Kila mwaka hupimwa na daktari, na akishapita miaka 60, kila miezi sita. Akifika 65, hawezi tena kurusha ndege za abiria za namna hii.

KAMPUNI IKIANGUKA

Tarehe 2 Oktoba 1917 haikuwa, bali 2 Oktoba 2017, kampuni ya Monarch, iliyoanzishwa miaka 50 kabla, ilifunga milango. Abiria kama 110,000 walikuwa ng'ambo, serikali ikawarudisha. Tarehe 23 Septemba 2019 ikaanguka Thomas Cook, na abiria wake waliokuwa ng'ambo wakarudishwa Uingereza. Condor, iliyokuwa mali ya Thomas Cook, iliokolewa kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Ujerumani.

Abiria alirudishwa kwao. Je, rubani? Katika kampuni nyingi cheo, zamu na likizo hufuata orodha ya waliotangulia kuajiriwa. Nahodha wa miaka 20 akihamia kwingine, mara nyingi huanza mkiani mwa orodha. Na waliopata kazi mpya baada ya mwaka 2019 walikutwa na ugonjwa wa korona mwaka 2020, ndege zikalala chini tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kijana wenu ameletewa mkataba wa urubani. Mtauliza mambo gani kabla hajatia sahihi? Anzeni na haya: ni wa miezi mingapi, nani kalipia masomo, mshahara wa msingi ni kiasi gani, na akiugua itakuwaje.
2. Katika hesabu yetu, rubani wa pili afanye nini ili deni lisimshinde?
3. Kwa nini abiria anapaswa kujali mapumziko ya rubani?
4. Ni kazi gani za msimu hapa kwetu zenye shida kama hizi?

Hatukusema kazi hii ni mbaya. Wapo wanaoipenda mpaka siku ya mwisho, na wanaolea watoto wao vizuri kwayo. Tumesema tu kwamba mistari ya mabegani haionyeshi yaliyoandikwa katika mkataba. Usome kwanza. Kwaherini mpaka somo lijalo.