Pengo Linapoamua Chakula

Katika kliniki nyingi za meno za umma nchini Tanzania, jino linalouma huishia kung'olewa. Mgonjwa hufika maumivu yamemshinda, jino limeoza hadi haliwezi kuzibwa tena, au kuziba ni ghali kuliko kung'oa. Anapigwa ganzi, anaondoka ameuma pamba, na anahesabu kwamba yamekwisha. Kumbe mfupa wa taya uliolishika jino lile unaanza kunywea, meno ya jirani yanaegemea pengo, na lililokuwa likikutana nalo linashuka au kupanda polepole kwa kukosa mwenzake. Likienda gego moja, mtu hajali sana. Yakienda manne au matano, anatafunia upande mmoja, kisha anaanza kubagua chakula bila kujijua. Karanga, nyama, mahindi ya kuchoma na matunda magumu vinamtoka. Uji, ugali na mkate wa kuchovya kwenye chai vinabaki. Protini na nyuzinyuzi zinapungua, wanga unatawala sahani.

Ningeanzia kwenye sahani hiyo kabla ya kuwatisha watu kwamba pengo huleta ugonjwa wa moyo. Tafiti nyingi zimeona kweli kwamba waliopoteza meno mengi huugua zaidi moyo na usahaulifu wa uzeeni, lakini sigara na umaskini huharibu meno na mwili kwa pamoja, na mambo mawili kufuatana hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Kisukari kina ushahidi ulio imara zaidi: sukari isiyodhibitiwa hudhoofisha ufizi, na ufizi unaougua huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Yuko atakayesema ubogoyo ni uzee tu. Japani ilianzisha mwaka 1989 kampeni ya 8020, yaani kufika miaka 80 ukiwa na meno 20 yako mwenyewe. Wakati huo waliofikia lengo walikuwa wachache mno. Utafiti wa kitaifa wa 2016 uliwakuta ni zaidi ya nusu. Uzee ni uleule. Mwingine atasema meno ya bandia yapo, na kweli yanasaidia, hasa katika lugha yetu ambayo f, v, th na dh zote zinategemea meno ya mbele. Ila seti kamili hutafuna kwa nguvu isiyofika nusu ya meno ya asili, na ile ya chini huteleza juu ya mfupa ulionywea. Aliyeivaa atatamka "fedha" na "thamani" vizuri kabisa. Muhogo wa kuchoma bado utamshinda.