Redio ya babu ikuburudishe, isikutoe roho

Huenda nyumbani kwenu Jericho, Maringo, Mbotela au Buruburu kuna redio kubwa ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamepangwa picha za arusi. Ni Philips, Pye, Murphy au Grundig ya marehemu baba. Haijalia kwa miaka mingi. Sasa umestaafu, siku zimekuwa ndefu, na umeanza kuitazama kwa jicho la fundi.

Usione haya. Kufufua redio kuukuu ni uraibu mwema. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda kazini, kisha ghafla akakosa pa kwenda, huhitaji shughuli ya kumshughulisha mikono na akili. Jirani atabisha hodi aone umefikia wapi, mjukuu atauliza maswali, na upweke utapungua. Hiyo nayo ni afya.

Lakini redio hizi si kama redio ndogo za transista zilizoenea miaka ya 1960 na kuzisukuma kando. Redio ya transista hutumia betri chache, na ukigusa ndani hutahisi kitu. Redio ya valvu, ile yenye vitaa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, huchukua stima ya volti 240 kutoka ukutani na mara nyingi huizidisha hadi karibu volti 300. Nguvu hiyo inaweza kusimamisha moyo.

Usikimbilie soketi

Kosa la kwanza la wengi ni kuichomeka redio "nione tu kama inalia." Usifanye hivyo. Ndani ya redio iliyokaa miaka, mpira unaofunika nyaya umekauka na kupukutika, na waya mtupu unaweza kuwa unagusa chuma. Kapasita za karatasi huvujisha umeme, na zile kubwa za kuchuja umeme hukauka. Zikipewa stima ghafla zaweza kupasuka au kuchoma transfoma. Mara nyingi ni hizo zilizoharibika, wala si valvu. Kapasita mpya hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki kama yale ya Luthuli Avenue. Chagua zenye kiwango cha volti kisichopungua cha zile za zamani.

Ukiona ndani kipande cha karatasi nyeupe ngumu kilichowekwa kuzuia joto, usikikwaruze wala kukivunja. Katika baadhi ya redio ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Vumbi la kawaida nalo, pamoja na kinyesi cha panya, lipanguse nje ya nyumba kwa kitambaa chenye unyevu, ukiwa umevaa barakoa. Usilipulize kwa mdomo.

Umezima, lakini haijazimika

Hapa ndipo watu huponea chupuchupu. Umechomoa plagi, umetulia, ukatia mkono ndani, na ghafla umerushwa nyuma. Kapasita kubwa huhifadhi umeme kama tangi la maji juu ya paa: ukifunga mfereji wa barabarani, maji ya tangini bado yamo.

Ngoja dakika kumi baada ya kuchomoa. Kisha pima kwa mita. Kama bado kuna volti, tumia rezista ya omu 10,000 na wati 10, yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, uunganishe ncha mbili za kapasita mpaka umeme uishe. Pima tena ndipo uguse. Ukilazimika kupima redio ikiwa imewashwa, weka mkono mmoja mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono huu hadi ule. Vaa viatu vikavu, na usifanye kazi peke yako.

Kuna watu hutegemea swichi ya kinga inayokata stima ikivuja miliampia 30. Ni nzuri kuwa nayo, lakini katika redio yenye transfoma haitakuokoa ukishika upande wa volti kubwa, kwa sababu swichi hiyo haiuoni umeme ulio nyuma ya transfoma.

Hatari nyingine imejificha. Baadhi ya redio za zamani hazina transfoma ya umeme. Chuma chote cha ndani kimeunganishwa moja kwa moja na stima ya ukutani. Skrubu iliyotokeza tu inaweza kukunasa. Siku hizi watu hupenda kuunganisha simu kwenye tundu la gramafoni ili wasikie nyimbo za zamani kwa spika ya zamani. Kwa redio isiyo na transfoma, hilo ni kuuleta umeme wa ukutani hadi kwenye simu na sikio lako. Usijaribu kabla fundi anayezijua redio hizi hajaikagua.

Meza ya redio na meza ya ugali

Nyumba zetu nyingi za Eastlands ni chumba kimoja au viwili, na meza ni moja. Asubuhi unalehemu juu yake, jioni watoto wanaila chakula juu yake. Waya wa kulehemu wa kawaida una madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Hudhoofisha ubongo wake pole pole, bila dalili za kuonekana. Wakenya tulijionea madhara ya risasi katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kisa kilichompatia Phyllis Omido Tuzo ya Goldman mwaka 2015.

Kwa fundi wa nyumbani, risasi huingia zaidi kwa mikono kwenda mdomoni kuliko kwa moshi. Kwa hiyo usishike waya wa kulehemu kwa meno, usile wala kuvuta sigara ukifanya kazi, na osha mikono kwa sabuni. Tandika ubao wako maalumu juu ya meza, kisha uuondoe. Vipande vilivyodondoka viokote kwa kitambaa chenye unyevu, usivifagie. Moshi wenyewe hutoka kwenye gundi ya ndani ya waya, na huweza kuchochea pumu, fungua dirisha.

Mtu akinaswa

Usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu au plastiki ukiwa umesimama mahali pakavu. Ita msaada kwa 999 au 112. Kama hapumui, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, ukandamize kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka mpaka msaada ufike. Akizinduka na kusema yu mzima, bado mpeleke hospitali, iwe Mama Lucy Kibaki au iliyo karibu, apimwe moyo. Mapigo yanaweza kuvurugika baadaye.

Na wewe mwenye kifaa cha moyo kifuani, muulize daktari wako kabla hujaanza.

Ukiyazingatia haya, fanya kazi pole pole, kapasita moja kwa siku ukitaka. Redio iliyonyamaza miaka mingi haitakasirika ikingoja wiki nyingine. Siku vile vitaa vitakapowaka na spika ikakohoa sauti, uwepo hapo kuisikia, wajukuu wakiwa wamekuzunguka.