Somo la Redio: Upatanisho, Fidia na Ukombozi

Leo tutasoma maneno matatu magumu. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni kwa herufi kubwa, na wote wayatamke taratibu: u-pa-ta-ni-sho, fi-di-a, u-ko-mbo-zi. Mtayakuta magazetini na katika hati za mahakama, lakini leo twatazama jinsi Wakristo wayatumiavyo. Madarasani mwetu wamo Wakristo na Waislamu, na mimi sikuja kuhubiri. Nimekuja kueleza, ili asomaye ajue asomalo.

Mwanafunzi mmoja ameuliza: Ikiwa Mungu ni mwenye rehema, kwa nini asisamehe tu? Damu ni ya nini? Swali hilo ni zito. Wenye elimu kubwa wameshindana juu yake karne nyingi, basi nasi tusilikimbie.

Tuanze na Wayahudi wa kale, maana Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, na mifano yao waliitoa katika ibada ya kwao. Katika Biblia, Mambo ya Walawi sura ya 16, imeelezwa Siku ya Upatanisho, iliyofanywa mara moja kwa mwaka. Kuhani mkuu alichinja kwanza ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. Kisha waliletwa mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikaingizwa ndani kabisa ya hema takatifu, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia ila kuhani mkuu. Mbuzi wa pili hakuchinjwa. Kuhani aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akaungama makosa ya watu wote, kisha mbuzi yule akapelekwa jangwani.

Angalieni vizuri hapo. Watu wengi hudhani kwamba mbuzi aliyechinjwa ndiye aliyebebeshwa dhambi. Sivyo, aliyebebeshwa alitoka akiwa hai. Na yule aliyechinjwa, damu yake haikuwa chakula cha Mungu. Katika sheria ile damu ni uhai, na kutoa damu ni kutoa uhai.

Yesu aliposulubiwa Yerusalemu, wakati wa liwali Mrumi Pontio Pilato, wafuasi wake walitafuta maneno ya kukieleza kifo kile. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alishika mfano wa Siku ya Upatanisho. Makuhani, asema, walirudia kazi ile kila mwaka, lakini Yesu alijitoa mara moja tu, akawa yeye kuhani na yeye sadaka. Mwaka 70 Warumi waliliharibu hekalu la Yerusalemu, na sadaka za wanyama zikakoma pale.

Sasa fidia na ukombozi. Haya ni maneno ya sokoni. Mtu aliyeweka shamba lake rehani, akilipa deni, husema amelikomboa. Mateka naye hukombolewa kwa fidia. Katika Injili ya Marko, 10:45, Yesu anasema kwamba maisha yake yatatolewa kuwa fidia kwa ajili ya watu wengi.

Watu wa pwani yetu walilijua neno hili kwa uchungu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi tarehe 5 Juni, 1873. Siku ya Krismasi mwaka ule ule, jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kianglikana liliwekwa hapo, Mkunazini. Edward Steere, askofu aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyelifasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Na Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, walikuwa wakinunua watumwa, wengi wao watoto, ili wawaweke huru. Mtoto yule hakuhitaji kuelezwa ukombozi ni nini. Alikuwa na bei, na bei ikalipwa.

Lakini watoto wale walikaa katika kijiji cha misheni, wakalima mashamba yake na kufuata amri za mapadre. Wengine walitoroka. Je, mtu huyo amekombolewa, ama amebadili bwana? Mtume Paulo hakuliepa neno hilo. Katika Warumi sura ya 6 asema waziwazi kwamba waliowekwa huru mbali na dhambi wamekuwa watumwa wa haki. Mimi naona ni neno gumu, na afadhali lisomwe hivyo hivyo lilivyo gumu.

Tena mfano wa sokoni una mpaka wake. Sokoni bei hulipwa kwa mwenye mtumwa. Basi fidia ya Yesu alilipwa nani? Origen wa Alexandria, katika karne ya 3, alidhani ni Shetani. Gregori wa Nazianzus, katika karne ya 4, alikataa: mnyang'anyi apewe malipo makubwa namna hiyo? Wala hakukubali kwamba alilipwa Mungu Baba, kwa kuwa si yeye aliyewashika watu mateka. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury huko Uingereza, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alifikiri kama hakimu: mwanadamu ndiye adaiwaye, lakini hana cha kulipa, Mungu ndiye awezaye, basi alipe yule aliye Mungu na mwanadamu pamoja. Abelard, mwalimu wa Paris, hakuridhika. Kwake yeye msalaba ni upendo unaowasha upendo moyoni mwa mtu. Imani ya Nisea, isomwayo makanisani, yataja wokovu wetu, lakini haielezi malipo yalikwendaje.

Turudi kwa mwenzetu aliyeuliza. Wakristo wengi wangemjibu kwamba msamaha humgharimu anayesamehe. Mtu akikuvunjia mtungi nawe ukamsamehe, mtungi haujiungi; hasara umeichukua wewe. Wao wasema Mungu mwenyewe ndiye aliyeichukua hasara, wala hakumtwika mgeni. Muislamu hatakubali, kwani dini yake yafundisha kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwenzake. Akivunja kiapo, kafara yake ni kulisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza hufunga siku tatu. Kwa hiyo mkilisikia neno kafara, ulizeni kwanza ni nani anayesema.

Kazi ya juma lijalo: someni Walawi 16, mistari ya 20 mpaka 22, kwa sauti, watu wawili wawili. Kisha kila mtu aandike sentensi moja yenye neno kukomboa, na jingine lenye maana hiyo katika lugha ya kwao, kama lipo.