Kijana, Simu na Mvua

Nchi yetu huchangia chini ya asilimia 1 ya moshi unaoipasha dunia joto. Lakini kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana katika sehemu za kaskazini na mashariki, na mifugo ikafa. Hapo ndipo vijana husema "haki ya tabianchi": anayeumia si yule aliyechafua. Elizabeth Wathuti, binti wa Nyeri, aliwaambia hivyo viongozi wa dunia huko Glasgow, 2021, akawaomba wanyamaze kidogo kwa ajili ya wenye njaa.

Sasa, haki hiyo inafikaje kwa kikundi chenu? Kaunti nyingi zina kamati za wadi za tabianchi, zinazopendekeza miradi kama visima na mabwawa, na vijana huwakilishwa humo. Shida ni kwamba habari za mikutano na utabiri wa mvua siku hizi hupitia intaneti. Mama mwenye kabambe atajuaje? Kikundi kimoja ninachokitembelea kilipata habari siku mbili baada ya mkutano kwisha. Kisima kilienda kwingine.

Basi chagueni kijana mmoja, msichana au mvulana, asome utabiri kwa lugha ya nyumbani kabla ya merigoraundi kuanza. (Tafadhali wazee, msimwambie anacheza na simu!) Pesa za bando zitoke kwenye sanduku na ziandikwe na mweka hazina. Namba ya siri ya M-Pesa, hiyo asipewe.