Maneno ya Tangazo na Ukweli wa Mwombaji: Jinsi ya Kuomba Kazi ya Kwanza ya Utafiti

Vijana wanaohitimu masomo ya sayansi aghalabu huanza na kazi ndogo za utafiti: msaidizi wa maabara, mkusanyaji wa takwimu, au mtafiti msaidizi. Hushauriwa kutumia katika maombi yao maneno muhimu yaliyomo katika tangazo la kazi. Shauri hilo ni jema, lakini lina mpaka wake, nao yafaa uelezwe.

Kwanza, maneno hayo yana nguvu gani? Anayechambua maombi huwa na orodha ya sifa zinazotakiwa, naye huzitafuta moja moja. Pengine kompyuta ndiyo inayotafuta, nayo hulinganisha neno kwa neno bila kufahamu maana. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Mugumu, wilayani Serengeti, mji unaopata maji kutoka bwawa la Manchira. Tuseme kwamba kila wiki, kwa muda wa miezi mitatu, alichota maji ya bwawa hilo, akapima kiwango cha asidi na kuandika matokeo daftarini. Akiandika tu, "Nilikuwa nikichota maji bwawani," huenda mchambuzi akampita. Akiandika, "Nilikusanya sampuli za maji na kupima kiwango cha asidi mara moja kwa wiki, kwa miezi mitatu, chini ya usimamizi wa mwalimu," ameeleza jambo lile lile kwa lugha ya taaluma. Hakuongeza kitu, amelipa tendo jina lake.

Lakini akiongeza "uchunguzi wa bakteria" kwa sababu tangazo limeutaja, ilhali hajapata kuufanya, amebuni tendo lisilokuwapo. Hapo ndipo ulipo mpaka.

Katika sayansi udanganyifu wa namna hii una madhara ya pekee. Nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia mwaka 1977 walikuwa takriban milioni 1.3. Makadirio kama hayo hutegemea ndege, picha, na macho ya wahesabuji. Mike Norton-Griffiths, mtafiti aliyefanya kazi huko, alieleza katika kitabu chake juu ya kuhesabu wanyama, kilichotolewa upya mwaka 1978, jinsi hesabu za macho zinavyolinganishwa na picha ili upungufu wa mhesabuji ujulikane na kurekebishwa. Upungufu unaojulikana hurekebishwa. Uliofichwa huingia katika takwimu, na maamuzi hujengwa juu yake. Msaidizi anayedai ujuzi asio nao huanza kazi kwa kuficha upungufu.

Hata mwenyewe hayuko salama. Mwezi Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania ulitaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Neno la uongo katika wasifu si cheti cha kughushi, lakini nalo huhakikiwa: katika usaili, au siku ya kwanza mbele ya kifaa.

Basi mwombaji na afanye hivi. Apige mstari chini ya kila ujuzi uliotajwa katika tangazo, kisha aupange katika safu tatu: niliyofanya peke yangu, niliyofanya chini ya usimamizi, na niliyosoma tu. Yote yaweza kuandikwa, mradi kila moja liandikwe kwa safu yake. Kisha ajiulize kwa kila neno: Nilitumia kifaa gani? Mara ngapi? Nani alishuhudia? Asipokuwa na jibu, neno hilo alifute.

Walimu nao wana sehemu yao. Daftari la maabara lenye tarehe, vipimo, na sahihi ya mwalimu ni ushahidi ambao mwanafunzi ataweza kuutegemea miaka ya baadaye. Hapana budi lianze kuandikwa mapema, tangu kidato cha kwanza.