Nani mwenye uso wa Ronaldo? Biashara ya majina katika gemu za soka

Mashabiki wa Juventus walionunua FIFA 20, Septemba 2019, waliitafuta timu yao wakaambulia kitu kinachoitwa Piemonte Calcio. Wachezaji walikuwa walewale. Cristiano Ronaldo yupo, Dybala yupo, Buffon yupo, kila mmoja kwa jina lake na sura yake. Ila jezi ilikuwa ya kubuni, nembo ya kubuni, na uwanja haukuwa ule wa Turin. Juventus ilikuwa imesaini na Konami, kampuni ya Japani iliyotengeneza gemu ya PES, na mkataba huo ulimnyima mshindani wake, EA Sports ya Marekani, mtengenezaji wa gemu za FIFA, kila kilicho mali ya klabu. Uso wa Ronaldo haukuwa miongoni mwa mali hizo. Hali ikabaki hivyo kwa matoleo matatu, mpaka Juventus iliporejea kwenye FIFA 23.

Anayetaka kuielewa biashara hii aanzie hapo. Katika soka hakuna mwenye mali mmoja ambaye ukimlipa umemaliza. Klabu ina jina, nembo na jezi. Ligi ina haki zake za pamoja. Ligi ya Mabingwa ni ya UEFA, na leseni yake ilikaa kwa Konami miaka 10, kuanzia 2008 hadi 2018, kabla ya kuhamia EA. Majina na picha za wachezaji, kwa sehemu kubwa, huuzwa kwa mkupuo kupitia FIFPro, muungano wa vyama vya wachezaji duniani. EA inajinadi kuwa na wabia wa leseni zaidi ya 300. Ndiyo maana kampuni za gemu zina idara nzima ya ubia wa soka, yenye watu ambao hawaandiki hata mstari mmoja wa programu. Kazi yao ni kutafuta ruhusa, kuzilinda, na kuhakikisha kilichoahidiwa kwenye karatasi ndicho kinachoonekana kwenye skrini.

Kazi hiyo ina kalenda ngumu. Gemu hutoka Septemba, wakati jezi mpya za msimu huzinduliwa katikati ya mwaka, tena kwa usiri mkubwa. Kwa hiyo klabu hulazimika kumwonyesha mtengenezaji wa gemu jezi ambayo shabiki wake bado hajaiona: rangi kamili, upana wa mistari, nembo ya mdhamini inakaa wapi, namba za mgongoni ni za mwandiko gani. Wachoraji wakimaliza, picha hurudi klabuni kuidhinishwa, na mara nyingi hurudishwa tena na masahihisho. Kisha kuna nyuso. Mtambo wenye kamera nyingi hupelekwa kwenye uwanja wa mazoezi, mchezaji anakaa katikati yake dakika chache, anapigwa picha kutoka kila upande, anaondoka. Dakika hizo chache huombwa kwa miezi, kwa sababu kocha hataki mtu amsumbue mchezaji wake wiki ya mechi. Baada ya hayo dirisha la usajili linafungwa, na baadhi ya waliopigwa picha wakiwa na jezi hii wamekwisha vaa nyingine.

Wale wanaodhani leseni ni saini tu, Oliver Kahn aliwapa somo. Kipa huyo wa Ujerumani aliishtaki EA kwa kutumia jina na sura yake katika gemu ya Kombe la Dunia la 2002. EA ilikuwa na karatasi ya FIFPro mkononi. Mahakama ya Hamburg mwaka 2003 ikampa Kahn ushindi: yeye mwenyewe hakuwa ametoa ridhaa, na karatasi ya chama haikutosha. Miaka 17 baadaye, Novemba 2020, Zlatan Ibrahimović aliuliza hadharani mtandaoni ni nani aliyeiruhusu EA kutumia jina na uso wake, na Gareth Bale akadakia akihoji hiyo FIFPro ni kitu gani. EA ikajibu kwamba haki inazo, kupitia FIFPro na kupitia mkataba wake na AC Milan. Huko Brazil, ambako wachezaji hujadiliana haki zao mmoja mmoja, mambo yaligoma kabisa: FIFA 15 ilitoka bila klabu hata moja ya nchi iliyotwaa Kombe la Dunia mara 5.

Kisa cha wanawake kinasikitisha zaidi. FIFA 16 ilikuwa ya kwanza katika mfululizo ule kuwa na timu za wanawake, 12 za taifa. Siku chache kabla haijatoka, EA iliwaondoa wachezaji 13, kwa sababu chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani kilionya kwamba kuonekana kwao kwenye bidhaa ya biashara kungeweza kuwapotezea sifa ya kucheza chuoni.

Sasa tuje kwenye talaka iliyotikisa soko. EA na FIFA, shirikisho la soka duniani, walikuwa pamoja tangu gemu ya kwanza, mwishoni mwa 1993. Kwa mujibu wa gazeti la New York Times, EA ilikuwa ikilipa takriban dola milioni 150 kwa mwaka, na FIFA ikataka zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila miaka minne. Mei 2022 wakatangaza kuachana. Rais wa FIFA, Gianni Infantino, alijigamba kwamba gemu yenye jina la FIFA ndiyo itakayoendelea kuwa bora. Septemba 2023 EA ikatoa EA Sports FC 24, yenye ligi zilezile, klabu zilezile, wachezaji walewale. Kutoka FIFA hapakuwa na gemu ya kushindana nayo.

Kwa hesabu yangu FIFA ilipima vibaya uzito wa jina lake. Iliuza kwa bei ya juu kabisa kitu pekee ambacho mchezaji angeweza kukikosa bila kuumia. Kijana anataka Liverpool, anataka Mbappé, anataka kusikia kelele za uwanja anaoujua. Herufi nne zilizo juu ya kasha angezisahau mechi ya pili. EA ililijua hilo, na fedha zikaelekezwa kwenye mali yenyewe: Sky News iliripoti Februari 2023 kwamba Ligi Kuu ya England itapata pauni milioni 488 kwa miaka 6, na huko Hispania ligi yenyewe ikabadilishwa jina kuwa LaLiga EA Sports kuanzia msimu wa 2023/24.

Fedha hizo zinatoka wapi? Hazitoki sana kwenye bei ya gemu dukani. Katika mwaka wa fedha wa 2021, sehemu ya Ultimate Team katika gemu zote za michezo za EA, ambako mtu hulipa kufungua pakiti za kadi za wachezaji bila kujua atapata nani, iliingiza dola bilioni 1.62. Ndiyo maana jina la kila mchezaji lina thamani: kila jina ni kadi. Ubelgiji iliona humo kamari, na tangu mapema 2019 EA iliacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Wala leseni si kinga dhidi ya kila kitu. Januari 2025 EA ilipokiri kwamba FC 25 imezorota, hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 17 kwa siku moja.

Klabu nazo zimeamka. Manchester United iliishtaki Sega jijini London kwa sababu Football Manager ilitumia jina lake bila leseni. Kilichovutia zaidi ni kwamba ililalamikia hata kutokuwepo kwa nembo yake, mahali pake pakiwekwa mistari ya rangi. Wakamalizana nje ya mahakama mwaka 2021, na ndani ya gemu klabu ikawa Man UFC.

Na sisi wa Afrika Mashariki? Mbwana Samatta alionekana kwenye FIFA akiwa Genk, Victor Wanyama akiwa Southampton na Tottenham. Waliingia kwa leseni za ligi za Ulaya, wala si kwa za kwao. Simba na Yanga zimo kwa njia ya mlango wa nyuma: Dream League Soccer, gemu ya simu, humruhusu mchezaji kuingiza jezi kutoka kwenye kiungo cha picha, na vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wamejaza mtandao kwa jezi za timu zetu, zimechorwa katika picha ya pikseli 512 kwa 512, hadi nembo ya mdhamini mahali pake. Wengine wanairekebisha PES ya zamani kwenye simu ili iwe na Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Mahitaji yapo. Kinachopungua ni mteja mwenye kadi ya kulipia pakiti, na muuzaji anayeeleweka.

Hilo la pili liko mikononi mwetu. Haki za televisheni za Ligi Kuu ya Tanzania Bara zilikusanywa zikauzwa kwa Azam Media mwaka 2021 kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, maana yake tunajua kuuza kwa pamoja tukiamua. Kenya ina KEFWA, chama cha wachezaji kilicho mwanachama wa FIFPro. Mtu wa ubia kutoka kampuni ya gemu akija kesho, ataomba mambo matatu: orodha ya wachezaji wenye kipengele cha haki za picha kwenye mikataba yao, michoro halisi ya jezi na nembo, na jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusaini. Hiyo michoro ataipata siku hiyohiyo, kwa vijana waliokwisha kuichora bure.