Shikoku, Kisiwa cha Mahekalu 88

Kati ya visiwa vinne vikuu vya Japani, Shikoku ndicho kidogo kuliko vyote. Kina mikoa minne: Tokushima, Kochi, Ehime na Kagawa. Njia ya hija ya Kibudha inaipitia yote, kilometa 1,200 hivi, kutoka hekalu la kwanza hadi la 88. Mwenda kwa miguu huchukua siku 40 hadi 50.

Anayefuatwa ni Kukai, mtawa aliyezaliwa kisiwani hapa mwaka 774, akaenda kusoma China, akarudi kuasisi madhehebu ya Shingon. Waumini husema kila hujaji anatembea naye, na fimbo aliyoishika ndiyo Kukai mwenyewe. Kwa hiyo fimbo ina heshima zake. Juu ya daraja haigongwi, kwani yasemekana Kukai alikosa pa kulala akajibanza chini ya daraja, na haifai kumwamsha. Jioni, hujaji huosha ncha ya fimbo kwanza, ndipo aangalie miguu yake. Mavazi ni meupe, kama ihramu: zamani wengi walifia njiani, na vazi la safari likawa ndilo sanda.

Siku inayowapima wageni huja mapema, kati ya hekalu la 11, Fujiidera, na la 12, Shosanji. Ni kilometa 13 tu, lakini huchukua saa tano hadi nane. Njia huanzia nyuma ya hekalu na kuupanda mlima papo hapo, katikati ya mierezi mirefu iliyosongamana hata mchana ukawa kama magharibi. Mizizi imetambaa njiani, na mvua ikinyesha inateleza vibaya. Hakuna duka, maji na chakula unavibeba mwenyewe. Baada ya kupanda hadi mita 745 hivi, unakuta sanamu kubwa ya Kukai chini ya mwerezi mkongwe. Ukidhani umemaliza, njia inakushusha bondeni hadi kijijini, kisha inakupandisha upya mpaka Shosanji, kwenye mita 700.

Uchovu haukuondolei taratibu. Unainama langoni, unanawa mikono, unawasha mshumaa na ubani, unasoma sutra, maandiko ya Kibudha, kwenye ukumbi mkuu, kisha kwenye ukumbi wa Kukai. Mwisho unatoa daftari lako la hija dirishani, mwandishi analijaza kwa brashi na wino mweusi na kupiga mihuri myekundu. Dirisha hilo hufungwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo aliyechelewa mlimani hupata muhuri wake kesho.

Kinachoibeba hija hii ni wenyeji. Mama anatoka nyumbani akiwa na machungwa mawili, mzee anasimamisha gari kutoa chupa ya chai, mwingine anatia sarafu kiganjani mwa mtu asiyemjua. Adabu ni kutokataa. Hujaji hupokea kwa mikono miwili na kumpa mtoaji kikaratasi chenye jina lake, kwa sababu anayempa hujaji amempa Kukai, naye amepata sehemu ya hija bila kuondoka kwake. Siku hizi wengi huzunguka kwa basi au gari na kumaliza katika siku kumi hivi. Mihuri wanapata ile ile. Machungwa, hata hivyo, hutolewa kando ya barabara, kwa anayepita taratibu.